Chai Imemwagika Juu ya Fotei: Nyonya, Usisugue



Juma lililopita tulikutana kwa mama mmoja wa kikundi, salo imejaa, watoto wanapita katikati ya magoti yetu. Kikombe cha chai ya maziwa kikaanguka juu ya fotei mpya. Watu watatu waliruka mara moja. Mmoja akaanza kusugua na kitambaa, mwingine akaleta maji ya moto, na binti wa nyumba, aliyekuwa amerudi kutoka Bukavu, akaja anavuta aspirateri yao ya vumbi, anatafuta priza. Tukampigia kelele wote. Wazo lake lilikuwa zuri kuliko la wale wawili, lakini lingeweza kumuua.

Wazo zuri ni kunyonya. Ukisugua, maji yanashuka ndani ya sponji na doa linapanuka. Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyetengeneza mashini ya kunyonya vumbi mwaka 1901, husimuliwa kwamba aliijaribu akili yake kwanza kwa kuweka leso juu ya kiti cha mahali pa kulia chakula kule London, akavuta hewa kwa kinywa chake mwenyewe. Leso ikashika uchafu. Sisi tunaokula vumbi la barabara ya Uvira kila kiangazi, tunamwelewa.

Sasa hatari. Ndani ya aspirateri kuna mota inayozungusha feni. Feni inatupa hewa nje, na hewa nyingine inaingia kwa nguvu kupitia mpira, inabeba vumbi. Katika mashini ya vumbi peke yake, hewa hiyo hiyo hupita kwenye mota na kuipoza. Ukinyonya chai, chai inafika kwenye umeme. Mashini inaungua, na mtu anaweza kupigwa na umeme. Mashini ya maji na vumbi ni nyingine: ina pipa, maji yanaanguka humo, na mota inapozwa na hewa ya pembeni. Kabla ya kunyonya maji, toa kwanza mfuko wa karatasi. Halafu pitisha mdomo wa mpira polepole, ukiukandamiza, mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Wengi wetu hatuna mashini hiyo. Basi chukua kikwembe cha zamani cha pamba, kikavu, kikunje mara nne, weka juu ya doa na usimame juu yake, au mkalishe mtoto mnene! Kikilowa, geuza. Kikilowa tena, leta kingine. Tulifanya hivyo kwa ile fotei, vikwembe vitano, mpaka cha mwisho kikatoka karibu kikavu. Kisha maji baridi kidogo na sabuni, kukandamiza tena, na dirisha wazi siku nzima. Maji ya moto tuliyakataa kwa sababu maziwa, damu na yai hushikana kwa moto kama yai kwenye kikaango, na doa halitoki tena.

Mawese yana njia yake. Kunyonya peke yake hakuyatoi. Nyunyizia unga wa muhogo, uache unywe mafuta, ufagie au uunyonye ukiwa mkavu, ndipo sabuni ifuate.

Mkojo wa mtoto juu ya matela ndio swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndipo tunapoogopa zaidi. Mama anasikia harufu, anamwaga javeli. Wamama, msifanye hivyo. Javeli ikikutana na mkojo hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na kifua, na mtoto atalala hapo hapo usiku. Kandamiza kwanza, pitisha maji yenye siki kidogo, kandamiza tena, anika juani. Siki nayo isichanganywe na javeli hata siku moja.

Kuna maji ambayo hatutawashauri kuyanyonya. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, nyumba nyingi zilijaa tope, na jamaa zetu walijaribu kuokoa matela. Maji ya mafuriko yamepita kwenye vyoo, na Uvira inaijua kolera miaka mingi. Mbao za fotei zinaoshwa na kukaushwa. Sponji iliyokunywa maji hayo itupwe, ingawa inauma, maana tunajua inanunuliwa kwa jasho.

Kikundi kimeuliza kama tuchange tununue mashini moja ya maji na vumbi, tuwe tunaikodisha wakati wa ndoa na matanga. Tunaona ni jambo la kufikiriwa, lakini tusome kwanza namba ya wati iliyoandikwa chini yake. Nyingi hudai wati 1000 na zaidi. Paneli ndogo ya jua inayowasha taa tatu na kuchaji simu haitaiweza, na ikiwa ni jenereta, mafuta yataingia katika bei ya kukodi. Mama mweka hazina ataleta hesabu hiyo mkutano ujao. Fotei ya chai imekauka. Tulienda juzi kuigusa, na doa limebaki dogo, rangi ya kijani ya kitambaa inalificha.