Maua ya Mezőkövesd

Mama msomaji, wewe ushikaye sindano jioni watoto wakiisha kulala wajua jinsi ua moja la kudarizi linavyokula muda. Basi wafikirie akina mama wa Mezőkövesd, kaskazini mashariki mwa Hungaria, wanaoyasongamanisha maua ya waridi hata kitambaa chenyewe karibu kisionekane!

Watu hao huitwa Wamatyó, nao ni Wakatoliki. Ardhi yao haikuwatosha, hivyo wake kwa waume walikwenda kufanya kazi ya msimu katika mashamba makubwa ya mbali. Lakini siku ya Jumapili usingewadhania kuwa maskini. Fedha ya jasho ilinunua riboni, lesi na vipambo ving'aavyo kama dhahabu. Walikuwa na msemo wao: tumbo na lingurume, mradi nguo ing'ae. Mapadre waliona nyumba zikizama katika ufukara, na katika miaka ya 1920 vipambo hivyo vilikusanywa vikachomwa moto.

Mimi siwalaumu sana wanawake wale. Aliyeinama mwaka mzima katika shamba la mwingine, je, asiwe na siku moja ya kupendeza?

Vipambo viliteketea, sindano ikabaki. Maua ya nyuzi za hariri yakachukua nafasi ya mng'aro ule, na kudarizi kwa ajili ya kuuza kukaziletea nyumba nyingi mkate. Si kila mshonaji ajuaye kuchora. Wachoraji ndio waliotangulia kupanga maua juu ya kitambaa, na wengine wakafuata kwa uzi. Mchoraji aliyesifiwa kuliko wote ni Bori Kis Jankó (1876–1954), ambaye nyumba yake sasa ni makumbusho. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza sanaa ya Wamatyó katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Usidhani kwamba Wahungaria wote hudarizi namna moja. Wale wa Kalotaszeg, eneo lililo leo ndani ya Romania, hutumia uzi mnene wa rangi moja tu, mara nyingi mwekundu. Huko Kalocsa, mji wa kusini unaosifika pia kwa pilipili, darizi ya zamani ilikuwa nyeupe tupu. Rangi nyingi tunazoziona sasa zilikuja baadaye. Tena wanawake wa huko hawakuishia kwenye nguo, bali waliyachora maua yayo hayo kwenye kuta za nyumba zao.