Demensia ya Utotoni: Utambuzi wa Mapema Ndio Mwanzo wa Tiba

Demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu akashindwa kujimudu, imezoeleka kuhusishwa na uzee. Nchini Australia, hata hivyo, wazazi na watafiti wameifikisha demensia ya watoto katika mjadala wa afya ya umma, hasa tangu mwaka 2020 ilipoanzishwa taasisi ya Childhood Dementia Initiative.

Msingi wa hoja yao ni hesabu. Demensia ya utotoni husababishwa na magonjwa ya kurithi zaidi ya 100. Kila ugonjwa ukitazamwa peke yake huonekana adimu na hukosa fedha za utafiti. Yakijumlishwa, inakadiriwa kuwa mtoto 1 kati ya kila 2,900 wanaozaliwa huathirika, na wengi hufariki kabla ya kutimiza miaka 18.

Mfano ni ugonjwa wa Sanfilippo. Mwili hukosa kimeng'enya cha kuvunjavunja aina fulani ya sukari changamano. Taka hurundikana ndani ya seli na kuuharibu ubongo taratibu. Mtoto hujifunza kutembea na kuzungumza, kisha huanza kupoteza maneno. Kwa kuwa dalili za awali ni pamoja na kuchelewa kusema, kutotulia na kukosa usingizi, mara nyingi hudhaniwa kuwa ana usonji, na miaka hupita.

Miaka hiyo ina thamani kubwa. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha kimeng'enya kinachoingizwa moja kwa moja kwenye ubongo wa wagonjwa wa CLN2. Tiba hiyo hupunguza kasi ya kupoteza uwezo wa kutembea, lakini hairejeshi kilichokwisha kupotea. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba ya vinasaba kwa leukodistrofi ya metakromatiki, inayotolewa kabla ya dalili au zinapoanza tu. Hivyo, hutokea mtoto wa kwanza akagunduliwa akiwa amechelewa, na anayenufaika akawa mdogo wake.

Magonjwa mengi ya kundi hili bado hayana tiba, na utafiti unaendelea. Kwa mzazi, tofauti moja ni muhimu kuifahamu: mtoto anayepoteza uwezo aliokwisha kuupata si sawa na anayechelewa kuupata. Huyo anastahili kuonwa na daktari bila kusubiri.