Difenda Inabeba Mabinti, Mwenye Danguro Kalala Kwake

Makamanda, mkuu wa wilaya akitaka kuonekana kwenye taarifa ya habari, njia ya mkato anaijua: operesheni ya "dada poa". Juni 2024 tuliyaona Ubungo. Mabinti wanakamatwa, kamera zinawamulika, wanajifunika nyuso. Haya, halafu?

Mimi biashara hii naiita unyonyaji, na sipepesi macho. Lakini unyonyaji una mnyonyaji, na kwenye difenda sijawahi kumwona. Tupige hesabu. Binti anatolewa mkoani kwa ahadi ya kazi za ndani. Akifika mjini anaambiwa nauli ile ilikuwa deni. Chumba analipia kwa siku, apate mteja asipate. Nguo, chakula, mafuta ya kujipaka, vyote viko kwenye daftari la mama mwenye nyumba. Akikamatwa, faini anamlipia nani? Mama huyohuyo! Akitoka mahakamani deni limeongezeka. Yaani operesheni inayojidai kumwokoa ndiyo inayomkaza kamba. Serikali imekula faini, mama kapata miezi mingine ya kumtumikisha, mteja yuko kwake anakula ugali na mkewe.

Msiseme sheria hakuna. Kanuni ya Adhabu inamtaja anayeishi kwa mapato ya ukahaba na anayeendesha danguro. Sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu 2008. Sweden wao tangu 1999 wanamshtaki mnunuzi na kumwacha anayejiuza. Sisi tumegeuza.

Na tusisahau kuwa kuanzia 2017 hadi Novemba 2021 msimamo wa serikali ulikuwa binti akipata mimba harudi shule. Waliofukuzwa wakiwa na miaka 15 au 16, bila cheti, na mtoto mgongoni, tulitegemea wakaishi kwa nini?

Wapo wenzetu wanaosema ihalalishwe, ilipe kodi. Jamani! Tozo zote hizi hazijatosha, mpaka tukamtoze na huyu?

Anachohitaji ni pa kulala usiku uleule anaotoroka. Ni dawa zahanati bila kusimangwa na nesi. Ni mtu wa kumshikia mtoto, na shilingi ya kuanzia. Mtaambiwa ipo mikopo ya halmashauri, asilimia 4 ya wanawake. Ipo, ndiyo, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba ya kikundi, akaunti ya benki, kitambulisho. Kitambulisho chenyewe kashikilia mama mwenye nyumba! Huyu binti anaanzia wapi? Fungu la anayetoka danguroni liwekwe pembeni, na afisa ustawi wa jamii wa kata ndiye amdhamini.

Na kabla ya operesheni nyingine, mkuu wa wilaya atuonyeshe mwenye danguro mmoja aliyempeleka mahakamani. Mmoja tu. Kamera tutakuja nazo wenyewe.