Kasenga: Samaki wanahesabiwa siku ya kugawa, siku ya nne hakuna mwenye kuhesabu

Huko Ulaya, mtu akinunua bunju mmoja wa kutia ndani ya sanduku la vioo lenye maji ya chumvi, anampa saa nzima, mara zingine zaidi, ili azoee maji mapya. Bunju ni yule samaki mwenye kujaza tumbo sawa mpira akiogopa. Mwenye kumnunua hamli. Ini lake lina sumu ya kuua mtu. Ni wa kuangaliwa tu, lakini anapokelewa sawa mgeni wa heshima. Hapa Kasenga, watoto wa samaki mia tano wenye kupashwa kulisha familia iliyokimbia vita wanamwagwa ndani ya bwawa kwa dakika tano. Picha inapigwa, gari inarudi Lubumbashi.

Huo hauitwi msaada. Ni kutupa samaki.

Tajiri wa bunju anafanya nini ndani ya ile saa yake? Sashe anaileta ikiwa imefungwa, anaiacha ielee juu ya maji ya sanduku, taa zimezimwa, mpaka joto la maji ya ndani na ya nje lifanane. Kisha anaingiza maji ya sanduku tone kwa tone, juu chumvi ya dukani na ya nyumbani hazilingani kila mara. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita moja, na samaki akirushwa haraka kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, mwili wake unapigwa. Hamwinui na wavu hewani. Bunju akivimba kwa hewa anaweza kushindwa kuitoa, na anakufa. Anamchota na bakuli, akiwa ndani ya maji, na yale maji machafu ya safari hayamwagi ndani ya sanduku. Tena sanduku lenyewe lilianza kuzungusha maji majuma mengi mbele ya samaki kununuliwa, ili vijidudu vyenye kula sumu ya mkojo wa samaki viwe vimezaliwa tayari. Siku ya kwanza bunju akikataa chakula, hakuna mwenye kumlazimisha.

Na si bunju wa bahari tu. Kuna bunju mkubwa wa maji yasiyo na chumvi, mwenye kuishi ndani ya mto Congo na upande wa ziwa Tanganyika. Boulenger alimwandika mwaka 1899 kwa jina Tetraodon mbu, na leo watu wanamfuga ndani ya vioo mbali na Afrika. Samaki wa Congo akifika ugenini anapewa saa. Samaki akifika Kasenga anapewa dakika.

Ile sashe ya alevini yenye kutoka Lubumbashi inapita karibu kilomita 200. Ndani yake samaki wanapumua, wanajisaidia, maji yanapata moto. Wakifika saa ya jua kali na kumwagwa mara moja, maji ya bwawa si ya joto lile, wala si ya uchungu ule. Samaki aliyepigwa na maji hafi palepale mbele ya wakubwa. Anaogelea, watu wanapiga makofi. Kesho yake anazunguka pembeni, kichwa juu, akitafuta hewa. Siku ya tatu ndege wanamaliza kazi. Ripoti imekwisha kutumwa.

Hapo ndipo ubaya unaanza. Juma kadhaa zikipita, mtu anakuja kuangalia, anakuta bwawa kimya, na maneno yanatembea: familia ilikula samaki, watu wa kuhama hawajui kazi, ukiwapa mbegu wanakaanga. Hesabu yenyewe inakataa. Watoto mia tano wa gramu tano-tano ni kilo mbili na nusu. Ni mama gani atasonga bukari ya watoto saba juu ya kilo mbili na nusu za miiba, kisha aache bwawa alilochimba kwa mikono yake? Chisense ni wadogo na wanaliwa, kweli, lakini wale wanatoka ziwani kwa magunia.

Kasenga si mahali pa kufundishwa heshima ya samaki. Mbele ya uhuru, Wagiriki walikuwa wakinunua samaki wa Luapula na Mweru hapa na kuwapeleka Elisabethville ndani ya barafu, kulisha wafanyakazi wa migodi. Walijua joto la njiani ni hasara. Walimchunga samaki mfu kuliko vile leo wanamchunga samaki mzima. Na ni wakati uleule mpumbu, aliyekuwa akipanda Luapula kwa wingi kutaga mayai, alimalizwa na nyavu. Mto haukujaa tena vile wazee wanauhadithia, na familia zinazofika zinaongezeka. Ndiyo sababu bwawa si mchezo.

Watasema: mtu wa Ulaya ana feza, ana mashine, ana kipima-joto. Sawa, lakini ile saa moja hainunuliwi dukani. Kazi ya hapa inaomba bakuli, kivuli na mkono. Samaki waingie asubuhi mapema ama jioni. Sashe ielee kivulini ikiwa bado imefungwa, dakika 15 mpaka 30. Mkono ukiingia ndani ya bwawa kisha ukashika sashe, usisikie tofauti kubwa. Kuelea ifanyike ikiwa imefungwa juu kuna jambo wagawaji wengi hawalisemi: kisha safari ndefu, sashe ikifunguliwa, ile hewa chafu inatoka na sumu ya mkojo inazidi ukali. Kwa hiyo ikifunguliwa hakuna hotuba tena. Bakuli moja la maji ya bwawa, lingine, lingine, kisha sashe inalazwa na samaki wanatoka wenyewe.

Watasema tena kwamba pale na ndugu zake ni samaki wagumu. Ni kweli, wakiwa wakubwa na wamezoea. Mtoto aliyekaa saa nyingi ndani ya plastiki si mgumu.

Bwawa nalo lipashwa kungoja samaki, si samaki kungoja bwawa. Chokaa na mbolea zitiwe mbele, maji yageuke kijani. Mtu azamishe mkono mpaka kwenye kiwiko: akiona bado kiganja wazi, chakula cha maji hakijatosha. Mlango wa maji ufungwe na wavu mdogo, ama kambale ataingia na kula msaada wote kwa usiku michache. Na watu wa Agripel waulize ni samaki gani analetwa. Yule wa kigeni akitoroka na mafuriko, atachanganyika na pale wa Luapula, na hasara hiyo hairudishwi.

Familia iliyotoka upande wa Mitwaba ama Pweto, ndani ya ile pembetatu iliyoitwa ya kifo, inaelewa neno hili bila mwalimu. Kushushwa kwenye gari si kupokelewa. Wamejua mahali walipohesabiwa, wakapewa turubai, na hakuna aliyerudi kuuliza nani amebaki.

Basi wenye kutoa feza wabadilishe karatasi. Hesabu ya siku ya kugawa isilipwe peke yake. Mtu abaki Kasenga mpaka siku ya nne, ahesabu wafu pamoja na mwenye bwawa, arudi mwezi ukiisha, na samaki waliokufa juu ya haraka ya mgawaji walipwe na mgawaji. Shefu wa groupement asitie muhuri mbele ya hapo. Na gari ikifika tena saa saba ya mchana na sashe juani, familia ina haki ya kukataa sahihi mpaka jioni. Sashe ziwekwe chini ya mwembe, na mwenye kupiga picha angoje pamoja na samaki.