Kodi Si Pesa ya Usingizini

"Jenga vyumba, ulale, pesa ije yenyewe." Kutoka Kitale hadi Bungoma, mwalimu akikaribia kustaafu hilo ndilo shauri analopewa. Pale Kibabii, tangu chuo kikuu kipate hati yake mwaka 2015, watu wameendelea kujengea wanafunzi. Sina ugomvi na ujenzi. Ugomvi wangu ni na hilo neno "ulale".

Waulize waliojenga Webuye wakikitegemea kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, mishahara ilikatika, na kodi nayo ikakatika. Pesa ile haikuwa ikiota ukutani. Ilitoka kwa mtu aliyeingia zamu usiku, mwenye ploti akikoroma.

Mimi nina vyumba sita Matisi. Mfereji ukikauka, alfajiri nakuta mitungi imepangwa mlangoni kwangu. Kwenye kampuni ya maji wapangaji hawamjui mtu. Wanayemjua ni mimi. Basi natafuta mkokoteni. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndani yake nimepata heshima ambayo daftari la kodi halijawahi kunipa.

Mwenye ploti aliyefundishwa kwamba kodi hujileta, isipokuja huona ameibiwa. Jirani yangu alimdai mpangaji wake kodi ya miezi miwili. Alikuja na nyundo, akang'oa mlango, akaubeba begani. Mle ndani nikaona godoro, jiko la makaa, na mtoto amevaa sare ya shule, ametazama barabarani. Kodi ya chumba kile ni shilingi 2,000. Sheria ya kudhibiti kodi humkinga mpangaji wa nyumba isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Hatolewi bila amri ya baraza la kodi. Na hata pasingekuwa na sheria, mtoto yule alikuwa na deni gani?

Nilimwendea jirani jioni ile. Nilimwambia anayestahili kulala ni mpangaji, maana yeye ndiye analipia usingizi, na sisi tumepokea pesa yake ili tuulinde. Alikasirika sana. Akaniuliza kama mimi ni askofu.

Siku ya tatu, nikitoka dukani, nilimkuta amepiga magoti kwenye kile chumba, misumari mdomoni, anafunga bawaba mpya. Mtoto alikuwa amemshikia mlango.