TUSIUCHOME MOTO UTAJIRI WETU

Kila asubuhi moshi hupaa katika nyua za miji yetu. Majani ya mwembe yamekwisha kufagiliwa na kutiwa kiberiti, na mwenye nyumba husifiwa kuwa mtu safi. Jioni mtu huyo huyo hulalamika kwamba mchicha wake haukui, na mwisho wa mwezi hukata mshahara wake kununua mbolea ya dukani.

Sisi twasema huo si usafi, ni hasara. Majani yachomwapo, naitrojeni iliyomo huenda na moshi. Yakiozeshwa huwa mboji, nayo huulisha udongo, huulainisha na kuuwezesha kushika maji wakati wa kiangazi.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Chimba shimo kivulini; tandaza majani makavu, kisha maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, kisha samadi ya kuku, urudie hivyo hivyo. Nyunyizia maji na kugeuza mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu hivi mboji itakuwa tayari. Panda na kunde, na ukivuna, mizizi iache ardhini. Wala udongo usiachwe uchi. Ufunikwe kwa nyasi.

Maarifa haya si ya kigeni. Wachagga wamelima migomba kwa vizazi vingi katika vihamba vile vile, wakirudisha shambani samadi ya zizini. Wamatengo wa Mbinga hufukia nyasi chini ya matuta ya ngoro zao, zikaoza na kuustawisha udongo.

Yuko atakayesema Serikali itoe amri. Hatukubaliani naye. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 wananchi walikataa. Udongo ule ulihitaji kutunzwa kweli. Lakini kazi ya shuruti haikuota mizizi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kwamba ili tuendelee twahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Basi uongozi bora na uonekane uani. Kiongozi wa shina na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wawe wa kwanza kuzima moto wa majani nyumbani kwao. Jirani akiuona mchicha wao umestawi, hatahitaji hotuba.