Moshi wa Asubuhi Waibia Chai Nuru

Wakulima wa chai wa Kericho na Bomet wakutanapo kwenye kituo cha kupimia majani, mazungumzo yao huwa ni mvua, mbolea na bonasi. Ni nadra kumsikia mmoja wao akitaja nuru ya jua. Jua huchukuliwa kuwa mali ya Mungu isiyohitaji mlinzi. Kwa maoni yangu tunakosea, na kosa hilo lazidi kuwa zito kadiri miji yetu inavyopanuka.

Yafaa ifahamike kwamba mchai, kama mimea mingine, hujitengenezea chakula kwa nuru. Umbijani ulio ndani ya jani hunasa nuru hiyo, na kwa nguvu yake maji yatokayo mizizini huungana na hewa ya kabonidioksidi yakawa sukari. Kazi hiyo wataalamu huiita usanisinuru. Majani mawili na chipukizi tuyachumayo hutokana na sukari hiyo. Nuru ikipungua mno, chipukizi huchelewa na kikapu hurudi chepesi.

Uchafu wa hewa huidhuru kazi hii kwa njia tatu. Kwanza, masizi yaeleayo angani hufyonza nuru kabla haijafika shambani. Vipimo vilivyochukuliwa Uchina na India vilionyesha kwamba nuru ifikayo ardhini ilipungua katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na moshi ukatajwa kuwa miongoni mwa sababu kuu. Pili, masizi na vumbi hutua juu ya jani, yakalifunika na kuziba vitundu vyake vya kupumulia. Tatu, moshi wa magari ukipigwa na jua huzaa gesi ya ozoni, ambayo huingia katika vitundu hivyo na kuliunguza jani kutoka ndani.

Msomaji ataniuliza: je, mawingu ya Kericho hayazuii nuru kuliko moshi wowote? Naam, huzuia. Lakini wingu hutulipa kwa mvua. Moshi hautulipi chochote. Tena wako wanaosema kwamba utando mwembamba angani huisaidia mimea. Hilo nalo lina ukweli wake. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, utando wake ulitawanya nuru, ikayafikia hata majani yaliyo kivulini, na wanasayansi wakabaini kwamba misitu ilinufaika. Lakini utando ule ulikuwa wa chembe nyeupe zilizokuwa juu sana angani. Masizi ya dizeli na ya taka hayatawanyi nuru tu. Huimeza, kisha hushuka yakatua juu ya majani.

Hapa kwetu kuna jambo jingine lifanyalo hasara iwe kubwa zaidi. Alasiri zetu mara nyingi ni za mawingu, ngurumo na mvua. Kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya kazi ya mchai. Na ni asubuhi hiyo hiyo ambapo ubaridi wa usiku huulaza moshi mabondeni usipate kupaa. Ndipo malori yanapopanda kwa taabu barabara kuu ya Nakuru na Kisumu yakitoa moshi mweusi, taka zinapochomwa pembezoni mwa masoko, na viwanda vinapowasha kuni mbichi kukausha chai. Yule anayeishi kwa jani ndiye analifukizia moshi jani lake!

Sidai kwamba hewa ya Kericho imekuwa kama ya Nairobi. La hasha. Nasema tu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na sheria ya mazingira tunayo tangu 1999. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Hapana budi serikali za kaunti zikomeshe uchomaji wa taka ovyo na kutenga mahali pafaapo pa kuzitupa. Wasimamizi wa viwanda wahakikishe kuni za mikaratusi zimekaushwa vyema kabla ya kutiwa tanuruni, kwani kuni kavu hutoa joto zaidi na moshi haba. Faida hiyo ni yao wenyewe. Polisi wa trafiki wasiyafumbie macho malori yatoayo moshi mweusi. Nayo Taasisi ya Utafiti wa Chai, iliyoko papa hapa Kericho, ingefanya vyema kupima nuru katika mashamba yaliyo kando ya barabara na yale yaliyo mbali nayo, ili mkulima aelezwe kwa kilo anachopoteza.

Mkulima hana uwezo wa kuamrisha mvua wala kupanga bei ya mnada wa Mombasa. Moshi, hata hivyo, twauwasha kwa mikono yetu wenyewe, na kwa mikono hiyo hiyo twaweza kuuzima.